Steel Dawn, Cyborg au Knights? Picha tatu za mateke katika dunia iliyokufa

Una saa moja na nusu ya kupumzika, una hamu ya kuona mtu akila teke la shingo katikati ya magofu, na hutaki usiku upotee bure. Tatizo ni kwamba picha za aina hii zina majalada ya ukoo mmoja: mwanamume kifua wazi, nyuma yake jiji linawaka, juu yake jina la herufi za chuma. Huwezi kujua ipi ni ipi mpaka umeshaingia. Nyingi ni za kuzimwa kabla ya dakika ya ishirini, na nasema hivyo kwa uzoefu, maana nimeziangalia nyingi kuliko nitakavyokiri mbele ya wakwe.

Naweka tatu kwenye mizani. Steel Dawn ya mwaka 1987, stelingi Patrick Swayze. Cyborg ya 1989, stelingi Jean-Claude Van Damme. Knights ya 1993, stelingi Kathy Long. Zote ni za Marekani, zote zinasimulia kesho ambayo serikali, umeme na sheria vimeshakwisha, na zote zilitengenezwa kwa pesa ambazo kampuni kubwa za Hollywood zingeziita za chai.

Mwenye haraka achukue hili aende zake: kama utaangalia picha moja tu ya aina hii maishani, iwe Cyborg. Kama unachotaka ni mapigano yenyewe, Knights inaziacha nyingine mbali. Kama uko na watu ambao mapigano si chakula chao, weka Steel Dawn. Wengine tubaki, kuna maneno.

Kwanza, kwa nini dunia ife

Prodyuza asiye na hela ana shida mbili: hana mahali pa kupigia picha na hana cha kulipua. Dunia iliyokufa inamwondolea zote mbili kwa mkupuo. Kiwanda kilichofungwa kinageuka mji mkuu wa mwaka usiojulikana. Jangwa halidai kodi ya pango. Nguo ni matambara, na tambara likichanika katikati ya kazi ndiyo kwanza linapendeza. Viwanda vya risasi navyo vimekufa, kwa hiyo watu wanarudi kwenye ngumi, visu na mapanga.

Australia walishaonyesha njia. Mad Max ya 1979 iligharimu kama dola 400,000 za nchi hiyo, ikazaa ukoo mzima wa picha za vumbi na barabara. Waliokuja nyuma yao na mifuko mitupu zaidi hawakuwa hata na pesa za kugonganisha magari. Wakamwambia stelingi ashuke, atembee kwa miguu, na kila atakayekutana naye ampige teke. Huo ndio uzao tunaouzungumzia hapa.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho magofu hayawezi kukipunguzia bei, nacho ni teke lenyewe. Pambano zuri linataka watu waliofundishwa, linataka mazoezi ya siku kadhaa kabla kamera haijawashwa, na linataka kurudiwa mpaka miguu ielewane. Picha yenye siku ishirini na ushee za kazi haina anasa hiyo. Ndipo mhariri anapoitwa aje kufunika aibu: ngumi inarushwa, mkato, uso unakunjamana, mkato, mtu yuko chini. Umeona nini hapo? Hukuona kitu. Umesikia sauti tu, umejazia mwenyewe.

Ndiyo maana nina kipimo changu, na ndicho nilichotumia kuzipanga hizi tatu. Pambano likianza, nahesabu mapigo ndani ya kipande kimoja cha picha kisichokatwa, kamera ikiwaona wapiganaji wote wawili kuanzia unyayo hadi utosi. Yakifika matatu, nakaa vizuri kwenye kiti. Yakifika sita, namwita aliye jikoni aje aone. Ukikaa dakika kumi bila kufika hata mawili, unadanganywa, na kilichobaki ni kuangalia kama uongo wenyewe una utamu wowote.

Knights: mguu wa kweli

Kwenye kipimo hicho Knights haina mpinzani, na sababu ni mtu mmoja. Kathy Long hakuwa mwigizaji aliyefundishwa mateke kwa wiki mbili. Alikuwa bingwa wa dunia wa ndondi za mateke kabla hajaonekana kwenye picha hii. Katika Batman Returns ya 1992, pale Michelle Pfeiffer, aliyecheza Catwoman, alipotakiwa kupigana, Long alikuwa miongoni mwa waliovaa vazi lake la ngozi nyeusi badala yake. Na mwaka 1993, mwaka uleule wa Knights, alikaa kwenye meza ya watangazaji katika shindano la kwanza kabisa la UFC, yale mapigano ya kuchanganya mitindo yote, kule Denver. Ni mtu wa ulingoni.

Mwongozaji, Albert Pyun, alilijua hilo na akafanya jambo la busara: alirudisha kamera nyuma. Long anaingia katikati ya kundi la maadui, na unaona uwanja mzima, vumbi, mawe mekundu ya Utah, na yeye akizunguka kama pia. Mguu unapanda, unatua, haujagusa chini vizuri mwingine umeshaondoka. Angalia nyonga zake. Mwigizaji wa kawaida akipiga teke anarusha goti kwanza, halafu mguu unafuata kwa kuchelewa, kama mlango uliolegea bawaba. Huyu nyonga inageuka pamoja na kisigino cha mguu uliobaki chini, na teke linatoka zima. Hakuna mhariri anayeweza kutengeneza kitu hicho mezani.

Hadithi? Ipo, kwa kiasi chake. Saiborgi, yaani nusu mtu nusu mashine, wanaoendeshwa kwa damu ya binadamu wanazunguka nyikani wakivuna watu, wakiongozwa na Job, anayechezwa na Lance Henriksen. Nea, yaani Long, alipoteza wazazi wake akiwa mtoto mikononi mwa viumbe hao. Anaokolewa na Gabriel, saiborgi aliyetengenezwa kuwaua wenzake, naye anamfundisha kupigana. Gabriel ni Kris Kristofferson, mwimbaji wa country aliyekuwa anaikaribia miaka sitini wakati huo. Sauti yake ni ya mtu unayetaka akusomee wosia. Ila anaporuka hewani, hebu jaribu kuutafuta uso wake.

Hapo ndipo udhaifu wa Knights unapoanzia. Mwalimu hawezi kupigana, mwanafunzi hawezi kuigiza, na hadithi inawaomba wote wawili wafanye kile wasichokiweza. Long akiwa na mistari mirefu ya kusema, anaisema kama anayesoma tangazo ukutani. Haikunisumbua. Wewe inaweza kukusumbua, na ikiwa hivyo ujue mapema kwamba kati ya pambano na pambano kuna maongezi mengi.

Kuna na lingine zito zaidi, la namna inavyokwisha, lakini nitalirudia.

Cyborg: uongo wenye utamu

Sasa kwa Cyborg nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo picha inayoshindwa kipimo changu na bado naiweka juu.

Ilizaliwa kwa ajali ya kifedha. Kampuni ya Cannon ilikuwa imejiandaa kutengeneza mwendelezo wa Masters of the Universe na pia picha ya Spider-Man, zote chini ya Pyun huyuhuyu. Pesa za kulipia haki zikakosekana, miradi yote miwili ikafa, wakati mavazi na mandhari vilikuwa vimeshaanza kutengenezwa. Badala ya kuvitupa, Pyun akabuni hadithi ambayo ingeweza kuvivaa. Bajeti inayotajwa ni kama dola 500,000, na kazi ilifanyika Wilmington, North Carolina, kwa siku zisizofika mwezi. Ilipoingia kwenye majumba ya sinema ilikusanya zaidi ya dola milioni 10 ndani ya Marekani peke yake. Ni makombo ya karamu za watu wengine, yamepashwa moto, na yameliwa yakaisha.

Hadithi yake unaweza kuiandika kwenye kiganja. Tauni imefagia watu. Mwanamke mmoja, Pearl Prophet, amegeuzwa saiborgi ili abebe kichwani taarifa zitakazowasaidia madaktari wa Atlanta kutengeneza dawa. Maharamia wanamteka. Kiongozi wao, Fender Tremolo, anataka dawa iwe yake. Gibson Rickenbacker, yaani Van Damme, ana deni la damu na Fender, basi anawafuata. Ukiwa mpiga muziki umeshacheka: majina karibu yote ni ya magitaa, ngoma na vipaza sauti. Picha haielezi kwa nini, wala haijali.

Fender ndiye sababu ya kwanza ya kuitazama. Anachezwa na Vincent Klyn, mtu wa kuteleza na mawimbi kabla ya kuwa mtu wa sinema, jitu lenye macho meupe ambayo yanaonekana kwanza, halafu mwili unafuata. Mwanzoni kabisa, kabla hujamwona vizuri, sauti yake inakwambia kuwa anaipenda dunia hii jinsi ilivyooza na hataki ipone. Fikiria hilo. Maadui wengi wa picha hizi wanataka maji, mafuta, au kiti cha enzi. Huyu anataka mambo yabaki yalivyo. Kwa mstari mmoja Pyun amemaliza kazi ambayo Steel Dawn inaifanya kwa nusu saa.

Sasa mapigano. Van Damme alikuwa karateka wa kweli tangu ujana wake Ubelgiji, na miguu yake inafunguka kama mkasi. Lakini picha hii haikuachii umwone. Ni vipande vipande: kisigino, mdomo uliopanuka, kisu, mvua, mdomo tena. Pambano la mwisho kati yake na Fender linafanyika kwenye mvua na muda mwingi wanaunguruma. Mpwa wangu alikaa nami nilipoirudia, akavumilia, akavumilia, kisha akauliza: "Mjomba, hawa wanapigana au wanaumwa meno?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Na bado kuna teke moja. Fender amemshinda Gibson, amempigilia misumari kwenye mlingoti wa meli iliyokufa, akamwacha hapo afe. Usiku. Kichwa kimeanguka kifuani. Kumbukumbu zinakuja: familia iliyofungwa kwa waya wa miba juu ya kisima, na msichana mdogo aliyeachiwa ashike waya huo kwa mikono yake, wakati Fender anatazama. Gibson anafungua macho. Mikono haina kazi, imepigiliwa. Kilichobaki ni mguu. Anaurudisha nyuma, kisigino kinagonga mlingoti. Anapiga tena. Hakuna adui mbele yake, hakuna kuruka, hakuna madoido. Ni mtu, mti na hasira, na kila pigo linajibiwa na picha nyingine ya kisima. Mpaka mti unakatika.

Kipimo changu hakina pa kuliweka teke hilo. Kamera haionyeshi unyayo hadi utosi, mikato ni mingi kupita kiasi, na hata hivyo sijaona pigo lenye uzito kama lile katika hizi tatu. Hapo uhariri umeacha kuficha, umeanza kusimulia. Kwa dakika zile chache picha ya nusu milioni inajua inachokifanya kuliko nyingi za milioni mia.

Nimesema teke halina bei rahisi, na kwa Cyborg neno hilo lina maana ya pili, isiyochekesha. Katika pambano mojawapo silaha ya maigizo iliyokuwa mkononi mwa Van Damme ilimpata jichoni mwigizaji aliyecheza haramia, na jicho hilo likapotea. Kesi ilikwenda mahakamani, na mwaka 1993 wazee wa baraza huko North Carolina wakaamua alipwe dola 487,500. Weka tarakimu hiyo kando ya bajeti ya picha nzima. Ukiona mapigano ya karibu mno, kwenye mvua, watu wamechoka na ratiba inakimbia, ujue kwamba hatari unayoihisi si ya kuigiza yote.

Neno moja la ununuzi. Kuna toleo la kawaida la dakika 86, lililopunguzwa ukatili ili lipate kibali cha kuonyeshwa kwenye majumba, na kuna toleo la Pyun mwenyewe lililotoka miaka mingi baadaye kwa jina la Slinger. La pili ni zito, la giza, na limetokana na mkanda uliochoka. Ni la mtu aliyeshaipenda ya kwanza. Usianzie huko.

Steel Dawn: mcheza densi jangwani

Ukitoka kwenye kelele za Cyborg ukaingia hapa, utadhani umepunguza sauti. Jangwa ni la Namibia, iliyokuwa bado chini ya utawala wa Afrika Kusini wakati huo. Uhuru ulikuja 1990. Mchanga ule haukuhitaji fundi wa mandhari. Kila picha ya mbali inaonekana ghali, na hakuna iliyogharimu kitu zaidi ya jua na subira.

Picha inaanza na Swayze akiwa kichwa chini miguu juu, katikati ya utupu, ametulia kama mtungi. Mchanga unaanza kujongea kumzunguka. Viumbe wanachomoka chini ya ardhi. Yeye bado yuko vilevile, miguu juu, na unapata muda wa kujiuliza kama amelala. Halafu anashuka, na kushuka kwenyewe kumeshakuwa pigo la kwanza. Watu wengi wanasahau kwamba Swayze alilelewa kwenye densi. Mama yake alikuwa mwalimu wa densi, naye akasomea baleti kabla ya sinema. Mwaka huohuo wa 1987 alitoka na Dirty Dancing, na kampuni iliyokuwa nyuma ya zote mbili ni ileile, Vestron. Moja ilimfanya awe nyota wa dunia. Nyingine ni hii.

Densi inaonekana. Anapigana kwa upanga zaidi kuliko kwa miguu, na anavyohama kutoka pigo moja kwenda jingine hakuna mshono. Kwenye kipimo changu anapita, mapigo manne au matano bila mkato, na kamera haina wasiwasi. Kinachokosekana ni uzito. Adui anaanguka kwa sababu zamu yake ya kuanguka imefika. Kathy Long ukimwona unajisikia kuumwa mbavu. Swayze ukimwona unataka kupiga makofi.

Hadithi ni ya ng'ombe na bastola iliyovuliwa bastola. Mpiganaji asiye na jina anafika kwenye shamba la mjane mwenye mtoto mmoja, anapewa kazi, anajua kuna bwana mkubwa anayetaka maji yote ya bonde, na mwuaji wa kukodiwa ambaye ndiye aliyemwua mwalimu wake. Mjane anachezwa na Lisa Niemi, aliyekuwa mke wa Swayze, na zile dakika wanapotazamana bila kusema zina ukweli ambao waongozaji wengi wangeulipia. Brion James, ambaye uso wake kwa kawaida unatumika kutisha watoto, hapa ni msimamizi wa shamba mwenye roho nzuri, na ndiye ninayemkumbuka zaidi.

Ubaya wake? Ni ndefu. Dakika 100 si nyingi, lakini mapigano ni machache na kati yake kuna kilimo. Ukijua jinsi hadithi za mgeni na mjane zinavyokwenda, hutashangazwa hata mara moja. Muziki unasaidia: ni wa Brian May, yule Mwaustralia aliyetunga wa Mad Max, si yule mpiga gitaa wa bendi ya Queen. Unasikika kama wa picha kubwa kuliko hii.

Kwa hiyo, nani atazame ipi

Mtu anayefanya mazoezi ya karate, taekwondo au ndondi za mateke, mpe Knights. Atalalamika kuhusu maongezi, halafu atarudisha nyuma pambano la pili ili aone mguu wa Long ulivyotua. Atakwambia jambo ambalo wewe hukuliona. Ni picha ya kutazamwa na mtu wa mchezo.

Mtu anayetaka kuelewa kwa nini aina hii ina wapenzi mpaka leo, Cyborg. Ni fupi, haina aibu, adui wake anabaki kichwani, na ukatili wake ni wa kweli; misumari, waya wa miba, ndoano. Watoto wapelekwe kulala kwanza. Hili silisemi kwa adabu tu, eneo la kisima si la mtu mdogo.

Familia ya mchanganyiko, mmoja anapenda mapenzi, mmoja anapenda mapanga, bibi anapenda mandhari: Steel Dawn. Nayo si ya watoto wadogo, lakini haina ukorofi wa zile nyingine mbili. Ukiniuliza mimi peke yangu, ndiyo ninayoiheshimu zaidi na kuirudia mara chache zaidi.

Kuna mbili ambazo mtu ataniuliza kwa nini nimeziacha. Nemesis ya 1992 ni ya Pyun pia, inatokea Los Angeles ya mwaka 2027, na stelingi wake ni Olivier Gruner, Mfaransa aliyetoka kwenye ndondi za mateke. Kama picha ni bora kuliko Knights, sibishi. Kuna pale Gruner anapoifyatulia risasi sakafu chini ya miguu yake akatoboka nayo ghorofa moja baada ya nyingine, na hilo peke yake linatosha kuitafuta. Lakini ni picha ya bunduki. Umemchukua bingwa wa mateke ukampa mtutu. Kwa mtu aliyekuja kutafuta mateke, ni kama kualikwa pilau ukapewa chai.

Nyingine ni Banlieue 13 ya Ufaransa, 2004, ambayo ilikuwa na mfuko mnene kidogo kuliko hizi. Inatokea Paris ya 2010, serikali imezungushia ukuta mtaa wa maskini na kuondoka na ufunguo. Mwaka mmoja baada ya kutoka, vitongoji vya Ufaransa viliwaka moto kweli. Humo yumo David Belle, mmoja wa waliouanzisha parkour, mchezo wa kukimbia na kuruka kuta na vizuizi vya mjini, na Cyril Raffaelli, mpigaji hodari. Mwanzoni Belle anakimbizwa ndani ya jengo, mlango umefungwa, na juu ya mlango kuna kidirisha ambacho paka angekifikiria mara mbili. Anapita miguu mbele, mwili mzima, bila mkato. Kwa kipimo changu inaishinda hata Knights. Nimeiweka nje kwa sababu dunia yake haijafa, imefungiwa tu, na utamu wa hizi tatu ni kuona watu wanaopigania jivu.

Ukiamua kuziangalia zote kwa mfululizo, anza na Steel Dawn ukiwa bado na subira, uende Cyborg, umalizie na Knights. Vincent Klyn utamkuta tena humo, maana Pyun hakuwa mtu wa kutupa kitu, hata sura. Na hapa narudi kwenye lile nililoliahirisha: Knights inakwisha kabla haijakwisha. Job hajamalizwa inavyotakiwa, ndugu wa Nea yuko mashakani, sauti inakuahidi safari nyingine, na majina ya wafanyakazi yanaanza kupanda. Usihangaike kutafuta sehemu ya pili. Haikutengenezwa.